Kutunga sheria kwa sahihi na kura: mwongozo kwa jirani zangu wa Maine

Novemba 2016, kima cha chini cha mshahara hapa Maine kilikuwa dola 7.50 kwa saa. Gavana wa wakati ule, Paul LePage, hakutaka kipandishwe, na miswada iliyopelekwa bungeni Augusta haikufika popote. Wapiga kura wakaamua wenyewe. Kwenye karatasi ya kura palikuwa na Swali la 4, wengi wakajibu ndiyo, na Januari iliyofuata kima kikawa dola 9, kisha 10, kisha 11, hadi 12 mwaka 2020. Mimi nilikuwa nasafisha vyumba vya hoteli. Sikuwa na kura, lakini ile nyongeza niliipata sawa na wenye kura. Nilipopata uraia nikajiandikisha, na wiki hiyohiyo nikaenda kuomba fomu za kukusanyia sahihi.

Naandika kwa ajili yetu tunaozungumza Kiswahili Portland, Lewiston na miji ya jirani: Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wakenya, Watanzania. Kwenye misiba, harusi na vikundi vyetu nasikia malalamiko yaleyale: kodi ya nyumba, zamu za usiku, bili ya hospitali. Ni mara chache mno nasikia mtu akisema kwamba jambo hili tunaweza kulipeleka kwenye kura. Tunaweza, na njia yenyewe ni hii.

Kwanza, hakikisha mlango upo

Si kila jimbo la Marekani linawaruhusu wananchi kuandika sheria na kuipeleka kwenye kura. Majimbo 21 ndiyo yanayoruhusu. Ohio, Arizona, Michigan, Colorado na Missouri yamo. Texas, Minnesota, Kentucky na Pennsylvania hayamo, ingawa Texas miji mingi ina utaratibu wake wa ndani. Maine ina haki hiyo tangu 1908.

Ndugu zangu wa kutoka Kenya, msichanganye na mnavyokumbuka nyumbani. Kule sahihi milioni moja ni za kubadilisha katiba, na ni lazima mabunge ya kaunti yaridhie. Hapa Maine ni kinyume: katiba ya jimbo haiguswi kwa njia hii. Mnachoandika ni sheria ya kawaida, na jambo hilo lina faida na lina hatari yake, nitalirudia.

Pili, nani ashike kalamu

Hapa nisomeni polepole, tafadhali. Fomu ya sahihi hutiwa sahihi na mpiga kura aliyejiandikisha Maine, na mpiga kura ni raia tu. Kama huna uraia, hata uwe na grini kadi, hata uwe unalipa kodi mwaka wa kumi sasa, usitie sahihi. Usijaze fomu ya kujiandikisha kupiga kura, hata mtu mwenye tabasamu akikusukumia kalamu sokoni na kukwambia ni jambo dogo. Kudai uraia usiokuwa nao, au kupiga kura bila haki, ni sababu ya kufukuzwa nchini kwa mujibu wa sheria ya uhamiaji, na “sikujua” haikuokoi kirahisi. Ukiwa ofisi ya leseni za udereva, soma kila kisanduku kabla ya kukitia alama. Kama huelewi, acha wazi na uulize.

Mwaka 2010 Portland iliulizwa kwenye kura kama wahamiaji wanaoishi kihalali wapewe haki ya kupiga kura za mji. Swali hilo lilishindwa kwa tofauti ndogo, kama 52 kwa 48. Hivyo mpaka upo palepale, nami sipendi kuuona, lakini nauheshimu kwa sababu gharama ya kuuvuka inamwangukia mama mwenye watoto watatu wala haimwangukii mwenye kampeni.

Asiye raia bado ana kazi nyingi. Anaweza kutafsiri karatasi za maelezo, kuandaa mkutano sebuleni kwake, kusimulia mbele ya halmashauri ya mji maisha yake yalivyo, kumkumbusha jirani mwenye uraia siku ya kura. Asiwe mkusanyaji wa sahihi. Na asitoe mchango wa pesa kabla ya kumuuliza mwanasheria wa uhamiaji.

Tatu, chagueni jambo, na muwaulize litakaowagusa

Jambo zuri kwa kura ni lile mtu anayekufungulia mlango analielewa kabla hujamaliza sentensi ya pili. Mwaka 2017 swali lilikuwa kupanua Medicaid, bima ya afya ya serikali ambayo hapa huitwa MaineCare, ili iwafikie watu wazima wenye kipato cha chini. LePage alikuwa ameshaikataa mara tano kwa kura yake ya turufu. Karibu kila nyumba ina mtu aliyewahi kuahirisha hospitali kwa sababu ya bili, na matokeo yalikuwa asilimia 59 kwa ndiyo. Maine ikawa jimbo la kwanza Marekani kupanua Medicaid kwa kura ya wananchi. Baadaye Utah, Idaho, Nebraska, Oklahoma, Missouri na South Dakota zikafuata njia hiyo, na mengi ya majimbo hayo si ya watu wa mrengo wa kushoto hata kidogo.

Ila kuelewa peke yake hakutoshi. Lile Swali la 4 la mshahara lilikuwa na kipengele cha pili: wahudumu wa mikahawa, ambao kisheria mwajiri aliruhusiwa kuwalipa chini ya kima kwa sababu wanapata bakshishi, nao wapandishwe hatua kwa hatua hadi kima kamili. Kwa macho ya haki ni jambo jema. Lakini baada ya kura wahudumu wengi walikwenda Augusta wenyewe kulipinga, wakihofia wateja wataacha kutoa bakshishi. Mwaka 2017 bunge likakifuta kipengele hicho, likaacha kingine. Sisemi wahudumu wale walikuwa sahihi wote. Nasema mngekaa nao mezani kabla ya kuandika, na kama hofu yao haina msingi, mngeimaliza pale, si mbele ya wabunge na kamera.

Kwa hiyo kabla ya neno la kwanza kuandikwa, nendeni kwa watu ishirini, thelathini, ambao sheria hiyo itabadilisha mfuko wao. Waulizeni: ikipita, Jumatatu asubuhi kwako kitabadilika nini? Nani ataumia? Andikeni majibu. Na muulize pia nani ataachwa nje. Upanuzi wa 2017 haukuwafungulia mlango watu wazima wanaosubiri uamuzi wa hifadhi. Miaka miwili baadaye, Juni 2019, mamia ya watu kutoka Kongo na Angola walilala kwenye vitanda vya kukunja ndani ya ukumbi wa michezo wa Expo mjini Portland, na wengi wao sheria ile haikuwahusu.

Nne, fikirieni kuanzia mjini

Huu ndio ushauri ninaoutoa kwa moyo wote kwa jamii yetu, kwa sababu hatuna jeshi la watu wala mamilioni ya pesa. Kwa jimbo zima mnahitaji sahihi 67,682, yaani asilimia 10 ya kura zote za ugavana za 2022. Hesabu itabadilika baada ya uchaguzi wa gavana wa 2026. Kwa mji wa Portland mnahitaji 1,500 tu, ndani ya siku 80. Na sheria ya mji inasema kilichopitishwa na wananchi, halmashauri haiwezi kukigusa kwa miaka mitano. Jimbo halina kinga hiyo.

Novemba 2020 kikundi cha wakazi kilipeleka maswali kadhaa kwa pamoja. Yakapita manne ya kwao: udhibiti wa kupandishwa kwa kodi za nyumba, kima cha chini cha dola 15, marufuku ya mji kutumia kamera za kutambua nyuso, na masharti ya majengo yanayotunza mazingira na kuongeza nyumba za bei nafuu. Lile la kupunguza nyumba za kukodisha kwa watalii lilikosa kidogo. Juni 2023 wenye nyumba walileta swali lao la kulegeza udhibiti wa kodi, na wapiga kura wakalikataa kwa kura nyingi. Kila mji una kanuni zake. Nenda kwa karani wa mji wako, mwambie unataka utaratibu wa wananchi kupendekeza sheria ya mji, na uombe karatasi. Ni haki yako kuiona na huhitaji kueleza sababu.

Tano, maandishi

Kampeni nyingi hufia hapa, na hufa kimya.

Mfano ule wa Portland. Swali la mshahara la 2020 lilisema pia kwamba wakati wa hali ya dharura, wafanyakazi walipwe kima na nusu yake. Korona ilikuwa imepamba moto. Watu wa zamu za madukani na wapishi waliamini malipo hayo yanaanza Desemba ileile. Lakini maandishi yalivyosomeka, nyongeza ilifungwa pamoja na kima kipya ambacho kilikuwa kinaanza Januari 2022. Kesi ikafika mahakama kuu ya jimbo, na Julai 2021 majaji wakasema: sheria ni halali, lakini inaanza 2022. Ilipoanza, halmashauri ikaifuta hali ya dharura mwezi uleule. Mwaka mzima wa malipo ya hatari, wakati hatari ilipokuwa kubwa kuliko wakati wowote, ulipotea kwa sababu ya tarehe.

Mwingine ni wa 2018. Swali lilitaka wazee na wenye ulemavu wapate huduma ya nyumbani bure, kwa kodi ya asilimia 3.8 juu ya kipato kinachozidi dola 128,400. Mimi nilihamia kazi ya kutunza wazee, hivyo nilitamani lipite kuliko neno ninaloweza kuandika. Likazuka bishano: kiwango hicho ni cha mtu mmoja au cha mume na mke pamoja? Mwalimu aliyeolewa na muuguzi akajiuliza kama atatozwa, na wapinzani hawakulala. Asilimia zaidi ya 60 wakasema hapana.

Basi andikeni tarehe ya kuanza kwa siku, mwezi na mwaka. Andikeni nani analipa, nani anapata, nani anasimamia, na adhabu ya anayevunja. Kama sheria inataka pesa, semeni pesa inatoka wapi. Kisha mpelekeeni mwanasheria anayefahamu sheria za jimbo, na mkishamaliza naye, mpelekeeni mpinzani mwenye akili mnayemwamini na mumwombe aitoboe.

Kwa ngazi ya jimbo, ombi hupelekwa kwa Katibu wa Jimbo likiwa na mwombaji na wapiga kura wengine watano. Maandishi yenu hupitiwa na ofisi ya sheria ili yakae kwa mtindo wa sheria za Maine, kisha mnapewa fomu rasmi. Baadaye Katibu ndiye anayeandika swali litakalosomeka kwenye karatasi ya kura, na umma hupewa siku 30 za kutoa maoni. Zitumieni siku hizo. Watu wengi wataisoma sheria yenu mara moja tu maishani, nayo itakuwa ile sentensi moja.

Sita, sahihi

Fomu zikitolewa mna miezi 18, lakini sahihi iliyozidi mwaka haihesabiwi. Kusanyeni zaidi ya idadi inayotakiwa. Mimi husema robo zaidi, kwa sababu zitakazotupwa ni nyingi kuliko mnavyodhani.

Mkusanyaji ni lazima aone kwa macho yake kila mtu akitia sahihi. Nilikuwa nje ya kanisa Jumapili moja, baridi inauma vidole, mzee mmoja wa Kirundi akatia sahihi yake vizuri kabisa, akageukia mstari wa chini.

“Hapa naweka ya mama. Yuko kazini.”

“Hapana, baba. Ya mama ni ya mama.”

“Mimi na yeye ni kitu kimoja, binti yangu.”

“Mbele ya Mungu, ndiyo. Mbele ya karani wa mji ni wapiga kura wawili. Nitakuja nyumbani jioni.”

Nikaenda jioni, nikanywa chai, nikapata sahihi ya mama na za majirani wawili. Na pale kanisani nilikuwa nimemuuliza swali ambalo lazima mlizoee: umejiandikisha mji gani? Si unaishi wapi. Alikuwa amehamia Westbrook, akabadilisha na usajili wake, hivyo nikamtolea fomu ya Westbrook. Sahihi huhakikiwa na msajili wa kila mji, kwa hiyo mkiweka mji mmoja kwa kila fomu mtajiokolea siku nyingi za kuzunguka na gari. Aliyehama Lewiston kwenda Portland bila kubadilisha usajili bado ni mpiga kura wa Lewiston kwenye vitabu.

Fomu ikijaa, mkusanyaji huapa mbele ya notari kwamba sahihi zote zilitiwa mbele yake. Kiapo ni mwisho, kamwe si mwanzo. Mwaka 2016 ombi la kuhalalisha bangi lilikataliwa kwanza kwa sababu sahihi ya notari mmoja haikuonekana kufanana na ile iliyohifadhiwa ofisini. Kwenye fomu zake palikuwa na sahihi za wananchi zaidi ya 17,000. Mahakama ndiyo iliyoliokoa.

Mahali bora kuliko pote ni vituo vya kura siku ya uchaguzi, kwa sababu kila anayetoka ni mpiga kura na yuko mjini kwake. Sehemu kubwa ya sahihi za Medicaid zilikusanywa hivyo, kwa siku moja ya Novemba 2016. Ongeeni na msimamizi wa kituo mapema awaonyeshe pa kuweka meza.

Saba, kampeni

Sahihi zikikubaliwa, bunge linaweza kuipitisha sheria kama ilivyo, au linaiacha iende kwenye kura ya Novemba. Linaweza pia kuweka pendekezo lake kando ya lenu, liwagawe watu, basi kaeni macho. Mkishaanza kukusanya na kutumia pesa, jisajilini kwa tume ya maadili ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni, na muwe na mweka hazina ambaye anatunza risiti kama mama anavyotunza vyeti vya watoto.

Mpinzani tajiri mtamwona kwenye runinga. Mwaka 2023 swali la kuzifanya kampuni mbili kubwa za umeme kuwa mali ya umma lilikabiliwa na matangazo ya zaidi ya dola milioni 30 kutoka upande wa kampuni hizo, na karibu asilimia 70 wakasema hapana. Pesa ilifanya kazi yake, lakini naamini jambo lenyewe nalo lilikuwa gumu kulieleza mlangoni.

Kazi yenu ni milango. Kwetu sisi, Kiswahili mlangoni kina nguvu ambayo tangazo halina. Usisome karatasi. Msalimie, uliza habari za watoto, sema jambo lako kwa maneno ya nyumbani, mwonyeshe lilipo swali kwenye karatasi ya kura, kwani wengi hupiga kura ya rais na kuacha maswali ya nyuma ya karatasi wazi. Mwambie “ndiyo” maana yake nini. Kisha muulize atapiga kura saa ngapi na atafikaje.

Nane, baada ya kushinda

Niliahidi kurudi hapa. Sheria ya wananchi ngazi ya jimbo ni sheria ya kawaida, na bunge linaweza kuibadilisha kesho yake kwa kura za kawaida. Mwaka 2016 wapiga kura walikubali pia kodi ya ziada ya asilimia 3 juu ya kipato kinachozidi dola 200,000, iende kwenye shule. Katikati ya 2017, serikali ikiwa imefungwa kwa siku kadhaa kwa ugomvi wa bajeti, bunge likaifuta. Missouri nako, wananchi walipitisha likizo ya ugonjwa yenye malipo Novemba 2024, na bunge lao likaifuta mwaka uliofuata.

Medicaid yenyewe ilishinda Novemba 2017 na LePage akakataa kuitekeleza. Shirika la Maine Equal Justice likaongoza kesi mahakamani, hukumu zikatoka, bado akakaza. Watu walianza kuipata Januari 2019, gavana mpya Janet Mills alipotia sahihi amri siku yake ya kwanza kazini. Zaidi ya mwaka mmoja wa kusubiri, kwa wagonjwa.

Kwa hiyo msivunje kamati usiku wa ushindi. Wekeni pesa kidogo na mwanasheria mmoja kwa ajili ya mwaka unaofuata. Mtu mmoja asome ratiba ya kamati za bunge kila wiki Januari hadi Juni. Mkiona mswada wa kuipunguza sheria yenu, jazeni chumba cha Augusta kwa watu itakaowaumiza. Ikipitishwa, kuna silaha ya mwisho: kura ya wananchi ya kuifuta sheria ya bunge, kwa idadi ileile ya sahihi, ndani ya siku 90 baada ya bunge kufunga kikao. Ndivyo Juni 2018 wapiga kura walivyoirudisha njia ya kupiga kura kwa kuwapanga wagombea kwa mpangilio wa kupendelewa, baada ya bunge kuiahirisha. Ila sheria iliyopitishwa kama ya dharura kwa theluthi mbili haiguswi kwa njia hiyo.

Na fuatilieni utekelezaji hadi kwenye hati ya mshahara. Waliokiandika Swali la 4 waliweka mstari unaosema kwamba baada ya 2020 kima kitapanda kila Januari kufuatana na gharama za maisha, bila kuomba ruhusa tena kwa mtu yeyote. Januari 2025 kilifika dola 14.65. Kila Januari mimi huchukua hati yangu na za wadada wawili ninaofanya nao zamu, tunakaa jikoni na kikokotoo, tunagawa jumla kwa saa. Mwaka mmoja ya mmoja wetu ilikuwa pungufu. Tukaandika barua, tukaambatanisha karatasi ya kima kipya iliyotolewa na idara ya kazi, na mwisho wa mwezi akalipwa tofauti yote.